Unga Uliolala Hauyeyuki

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimefanya kazi kubwa ya kiufundi na hakuna aliyenishukuru. Nimezoea.

Mambo yalikuwa hivi. Nimejinyoosha chumba cha nyuma, redio sikioni, nasikiliza mechi. Mtangazaji anapandisha sauti, mshambuliaji wetu kaingia ndani ya boksi, kamzunguka beki, anapiga... na mashine ya kufulia ya mke wangu ikaanza kujaza maji. Mluzi. Mluzi mrefu wa kutoboa masikio, kutoka kwenye bomba moja kwa moja hadi kwenye jino langu bovu. Ulipokatika, mtangazaji alikuwa anasoma tangazo la magodoro. Mpaka naandika haya sijui kama tulifunga.

Mtu mwingine angelalamika. Mimi si wa maneno, ni wa vitendo. Nikajipenyeza nyuma ya mashine, tumbo nimelivuta ndani, nikaikuta koki ya maji ukutani. Nikaizungusha taratibu. Mluzi ukawa mnong'ono, mnong'ono ukawa kimya. Maji bado yanaingia, ila sasa yanaingia kwa adabu, kijiuzi chembamba. Mashine inachelewa kujaa, lakini haraka ya nini? Haraka haraka haina baraka.

Mke wangu alikuwa ametoka kununua vibanio vya nguo. Sikumwambia. Wema hautangazwi.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakufa: biashara ya udobi ni ya mke wangu, iko chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mashine ni moja, kubwa, ya mtumba lakini nzima. Mimi ni meneja wa ufundi. Cheo nilijipa mwenyewe na hakuna aliyekipinga, isipokuwa mama mkwe, anayeishi nasi, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye haishi nasi ila anakula kwetu.

Nisisahau. Wiki iliyopita nilinunua magunia ya sabuni ya unga kwa mfanyabiashara aliyekuwa anafunga duka. Bei ya kutupa. Yamejaa chumba chetu cha kulala, upande wa mke wangu. Anasema akijigeuza anakumbatia gunia. Nikamwambia huko ndiko kuwa na mali.

Jumanne, 5 Machi

Balaa.

Kuna kiongozi wa bendi ya matarumbeta, mtu mwenye mabega kama kabati, tunamwita Kapteni. Bendi yake hupiga kwenye maharusi, na sare zao huchafuka kila wiki. Mke wangu amekuwa akimnyemelea mteja huyu tangu mashine ilipofika. Hatimaye jana jioni Kapteni kaleta koti lake kwa majaribio. Bluu iliyokolea, vifungo vya dhahabu.

Leo asubuhi koti likatoka kwenye mashine lina mabaka meupe mgongoni na mabegani, kana kwamba ukoo mzima wenye mba umelilalia. Nikavuta droo ya sabuni. Unga umo humohumo, umegandamana, haujaenda popote. Ule ulioshuka ulishuka kama matope, tena mwishoni kabisa, nguo zikiwa tayari zinakamuliwa. Haijawahi kutokea.

Kapteni ni muungwana. Alipangusa baka moja kwa kiganja, likazaa mengine. Akasema Ijumaa asubuhi ataleta sare za bendi nzima, kwa sababu Jumamosi wana harusi kubwa. Zikitoka safi, kazi yao yote ni yetu, wiki nenda wiki rudi. Zikitoka hivi, basi tusilaumiane, atarudi kwa Mzee Pasi. Huyo ni dobi wa pale kona. Anafua kwa mkono tangu enzi na enzi, na kila akipita mbele ya mlango wetu hucheka peke yake.

Mke wangu alikaa kwenye kigoda akajipaka mafuta vidoleni.

Lazima niseme kuhusu vidole hivyo. Kabla ya mashine alikuwa akifua mashuka ya bweni la wanafunzi, kwa mkono, baridi na joto. Vidole vikapasuka hadi pete ya ndoa ikawa inamuuma, akaivua, akaiweka kwenye kikombe kabatini. Mashine tuliitafuta ili mikono ipone. Imeanza kupona. Lakini bila mteja wa kudumu chumba hiki kitafungwa, naye atarudi bwenini kwenye mabeseni. Hili sipendi hata kuliandika.

Shemeji alifika wakati wa chakula, kama kawaida yake, akatazama lile koti, akatikisa kichwa. Yeye anauza sabuni ya maji kwenye madumu. Akasema unga ni wa kuokea, dunia imeshahamia kwenye maji. Nikamwambia dunia itarudi, ilisahau kitu. Mama mkwe akaongeza kwamba yeye angeukoroga kwanza huo unga kwenye ndoo ya maji moto, ukishayeyuka aumimine. Nikamshukuru kwa heshima zote na kulitupa wazo lake. Kama ni ndoo, mashine ya nini?

Nitauyeyusha unga huu, hata kama ni kwa machozi yangu.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua tatizo. Chembe ni nene mno! Yaani maji yanapita juu yake kama wageni wasiokaribishwa. Dawa ni kuzisaga.

Nikangoja mama mkwe aende kuoga, nikachukua kile kinu chake cha umeme cha kusagia iliki na mdalasini. Nikasaga kopo baada ya kopo. Ukatoka unga laini, mweupe, wa kupendeza. Sehemu ndogo ilitua kwenye kopo langu. Iliyobaki ilipaa. Nilipiga chafya hadi kofia ikanivuka. Jirani wa upande wa pili akaniambia pole kupitia ukutani, kisha akaacha, naona alichoka.

Nikatia ule unga kwenye droo, na ndani ya mashine taulo jeusi la kwetu wenyewe. Mimi si mjinga, siwezi kufanyia majaribio nguo za watu. Mashine ikafanya kazi kimyakimya, raha tupu. Nikafungua droo. Donge moja. Laini, zito, limebeba hata alama ya vidole vyangu. Taulo limetoka la kijivu.

Halafu nikakumbuka kinu. Nilikuwa nimekipangusa, naapa, lakini kwa haraka. Mama mkwe alikuwa ameshasaga iliki yake na kuweka chai. Alikunywa funda moja, akatazama kikombe, akanitazama mimi. Alipofungua mdomo kusema, kipovu kikamtoka pembeni na kupasuka kwenye kidevu. Akasema tangu siku ya posa yangu alijua. Hakusema alijua nini.

Hazungumzi nami tena. Kila lenye shari lina heri yake.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ndefu. Nitajitahidi kuandika bila uchungu.

Asubuhi nilijaza unga kwenye soksi pamoja na kokoto, nikafunga fundo la kibaharia. Nadharia: kokoto zinautwanga unga ndani ya maji, unga unatoka kupitia nyuzi, umeshakuwa maji kabla haujagusa nguo. Nadharia haina kasoro. Mashine ikaanza kupiga ngoma, ikatembea, ikatoka kwenye kona yake ikaja hadi mlangoni kama inakwenda kwao. Nikaikumbatia mpaka ilipotulia. Ndani ya soksi nikakuta jiwe moja kubwa, la sabuni, na kokoto zimekaa humo kama zabibu kwenye keki. Kisha ikaja habari kwamba soksi yenyewe ni ya mwalimu mstaafu wa nyumba ya pembeni, aliyeleta nguo zake zifuliwe. Amerudi nyumbani na soksi moja mguuni na nyingine ya kuazima, yangu, ya mistari.

Shemeji hakucheka, ambalo ni baya zaidi. Alikwenda akaleta dumu lake na kusema anipe somo la bure. Akamimina kikombe cha sabuni ya maji. Akatazama ndani ya kioo cha mlango wa mashine, maji yanaingia polepole, akaona aongeze kikombe kingine ili kuchangamsha. Baadaye povu likaanza kutokea kwenye droo. Likapita juu ya kaunta. Likamfuata shemeji kila alikosogea. Suuza ya kwanza ikapita, povu lipo. Suuza ya pili, povu lipo, tena limenenepa. Mama mkwe akaja na ufagio, akasema nyumba hii ina wanaume wawili na akili ya mmoja, na huyo mmoja yuko safarini. Kwa hiyo ameanza tena kuzungumza nami.

Sikucheka mbele ya shemeji. Nilitoka nje nikacheka huko.

Lakini mke wangu alisimama katikati ya povu na kuitazama mashine kwa muda. Akasema la ajabu si unga wala sabuni ya maji, la ajabu ni kwamba vyote viwili vimegoma. Akasema mbona hii mashine ilikuwa inapiga mluzi ikijaza maji, na siku hizi imenyamaza? Akaniuliza kama kuna mtu kaiharibu.

Nikamjibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba hakuna aliyeiharibu. Na ni kweli. Kutengeneza si kuharibu. Nikamwambia mashine ikipata umri hutulia, kama watu.

Akanitazama akasema "mume wangu", kwa sauti ya chini, halafu hakumalizia. Akiniita mume wangu kwa sauti ya chini, huwa kuna jambo. Akaenda kutafuta mafuta ya mikono, nami nikajisikia mdogo kama punje.

Ijumaa, 8 Machi

Kapteni ameleta sare za bendi nzima asubuhi na mapema. Rundo la bluu, limefika kifuani kwangu.

Mke wangu alizitazama, akafunga kitambaa kichwani, akatangaza kwamba mashine haigusi sare hizi. Atazifua kwa mkono. Anakwenda bwenini kuazima mabeseni yale ya zamani. Nikamwambia vidole vyake. Akasema vidole ni vyake na mteja ni wake. Akatoka. Nilimsindikiza kwa macho hadi kona. Mzee Pasi alikuwa mlangoni kwake, nikamwona anamwinulia kofia, na sikupenda alivyoiinua.

Nilikaa juu ya gunia la sabuni nikawaza. Nampenda mke wangu. Hilo silifichi kwenye shajara yangu mwenyewe. Na nilipowaza hivyo, nimelikalia gunia, likanijia. Unga huu ulikaa dukani kwa yule bwana miaka na miaka bila kuguswa. Umelala! Unga uliolala hauyeyuki. Utayeyukaje na haujui kama kumekucha? Dawa si kuusaga wala kuutwanga. Dawa ni kuuamsha.

Nikajaza kopo, nikafunika, nikaanza kutikisa. Kulia, kushoto, juu ya kichwa. Nikaona haitoshi, nikazunguka mimi mwenyewe. Kisha nikaizunguka na meza. Mama mkwe akatokea mlangoni. Akaniuliza nacheza ngoma gani. Nikamweleza nadharia. Akafikiri kidogo, akasema mwanangu, aliyekwisha kunywa chai yenye sabuni hashangai tena, akaanza kunipigia makofi. Ana mdundo mzuri yule mama. Nilikuwa sijui.

Tulipofika kwenye kilele, kopo likanichomoka mkononi, likaruka, likatumbukia nyuma ya mashine.

Nikajipenyeza kulifuata. Tangu Jumatatu ama nimenenepa ama ukuta umesogea, kwani nilipoinama kulishika kopo nilikwama. Kichwa chini, miguu nje, utando wa buibui mdomoni. Mama mkwe akaniuliza kama nasali au nimeaga dunia. Hapo hapo nikasikia sauti ya shemeji mlango wa nje, akiuliza kama kuna kiporo. Anikute hivi? Heri kifo. Nikapapasa ukutani, nikashika ile koki, nikajivuta kwa nguvu zangu zote. Ikazunguka mkononi, ikazunguka, ikafika mwisho ikagoma, na hapo ndipo nikapata pa kushikilia. Nikachomoka na kopo langu kama kizibo cha chupa.

Nikajaza sare kwenye mashine kabla akili haijanishauri vingine. Nikatia unga ulioamshwa. Nikabonyeza.

Mluzi. Ule mluzi wa kishenzi umerudi, baada ya kazi yangu yote ya Jumatatu! Vyombo vya siku hizi havikumbuki fadhila. Maji yakaingia kwa kelele na fujo. Lakini sikuwa na muda wa kushughulika na masikio, nilikuwa nimeshika roho mkononi. Shemeji akala kiporo kwa kusimama. Mama mkwe akavuta kiti akaketi mbele ya mlango wa mashine kama anatazama sinema. 

Mashine ikasimama. Nikafungua. Nikavuta koti la kwanza, nikaligeuza. Bluu. Nikavuta la pili. Bluu tupu, bluu ya kulia machozi. Nikavuta droo ya sabuni. Safi, kama imelambwa. Shemeji akaacha kutafuna.

Unga umeamka!

Mke wangu akarudi na mabeseni kichwani, akakuta kamba yote ya uani imejaa bluu na vifungo vinang'aa. Akayatua mabeseni. Akapita koti kwa koti, akipapasa mabega, migongo, kola. Nikamweleza yote, kulala, kuamka, makofi, na mama mkwe akashuhudia. Nikamwonyesha namna ya kutikisa. Alinitazama nikizunguka, kisha akanibandua utando wa buibui mgongoni, akauliza huu nimeutoa wapi. Nikasema nyuma ya mashine, kopo liliangukia huko. Akauliza nilitokaje. Nikasema nilijivuta kwa koki. Akauliza, polepole, kama ilizunguka. Nikasema sana tu. Akauliza kama nimewahi kufika kule nyuma siku nyingine. Nikasema Jumatatu, matengenezo madogo ya sauti.

Akafumba macho.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye beseni, akacheka mpaka mama yake naye akaanza bila kujua kwa nini. Ni furaha ya mwanamke aliyegundua kaolewa na nani. Akanishika mkono. Vidole vyake vinakwaruza. Niliviacha vinikwaruze.

Akasema mume wangu, nakuomba kitu kimoja tu, huko nyuma ya mashine usiende tena. Nikamwahidi. Anauhurumia mgongo wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Bendi ilipita mtaani kwetu ikienda harusini. Kapteni akainua mkono, wakasimama mlangoni petu, wakapiga wimbo mzima. Sare zimekaa, jua linacheza kwenye vifungo, hakuna baka. Kapteni akamwambia mke wangu, mbele ya watu, kwamba kazi yote ya bendi ni yake kuanzia leo, na kwamba amemsifu kwa kiongozi wa kwaya, ambaye Jumatatu ataleta majoho yao. Meusi.

Mzee Pasi alisimama pale kona. Safari hii hakucheka.

Shemeji ameondoa dumu lake. Amechukua na kopo, anasema anataka tu kujaribu kutikisa sabuni ya maji aone. Sikumcheka. Kila mtu huanzia mahali.

Mke wangu alifungua kabati, akatoa kikombe, akajaribu pete. Imekwama kwenye kifundo cha kidole, bado. Akasema mwezi ujao. Aliirudisha kikombeni akiimba ule wimbo wa bendi, nami nikajifanya natafuta kiatu.

Jumatatu, 11 Machi

Leo mechi ya marudiano. Nililala chali, redio sikioni, moyo umetulia. Majoho ya kwaya yameingia mashineni, unga wake nimeutikisa mwenyewe. Mke wangu yuko uani anaanika. Maisha ni matamu.

Mtangazaji akapandisha sauti. Mshambuliaji wetu kaingia kwenye boksi. Mluzi!

Nilikumbuka ahadi yangu. Naikumbuka kabisa. Lakini aliuhofia mgongo wangu tu, na mgongo wangu leo ni mzima. Nikajipenyeza. Na nyuma ya mashine nikakutana na jambo la kusikitisha: mkono wa koki haupo! Umeng'olewa. Kimebaki kijiti cha chuma kinachungulia ukutani. Yaani wezi wa siku hizi wanaingia ndani ya nyumba ya mtu, wanaacha redio, wanaacha magunia ya sabuni, wanaiba mkono wa koki. Namshuku shemeji.

Aliyeiba hakujua anashindana na nani. Nikaenda kwa fundi baiskeli, nikaazima koleo, nikarudi, nikakibana kile kijiti, nikakizungusha taratibu. Mluzi ukawa mnong'ono, mnong'ono ukawa kimya. Kijiuzi chembamba, chenye adabu. Tumefunga! Safari hii nimesikia kila kitu, hata wavu.

Naandika haya nikiwa bado na koleo mkononi. Mashine imetulia kama mtoto aliyeshiba. Majoho yamo, meusi tii. Nasikia mke wangu uani kaacha kuimba. Sasa namwona anakuja, haraka haraka, bila viatu, na mkononi kashika ule mkono wa koki.

Kamkamata mwizi tayari. Mwanamke huyu ana akili sana.